Limuru au Magadi? Kuchagua njia ya msafara wa baiskeli wa Jumamosi

Kila Alhamisi jioni waendesha baiskeli wa Nairobi huanza kuulizana Jumamosi wanaelekea wapi, na haupiti muda mjadala hubaki na majina mawili. Wapo wanaotaka Limuru: kupanda kupitia Ruaka, Banana na Tigoni hadi kwenye mashamba ya chai, kisha kurudi mjini. Wapo wanaotaka barabara ya Magadi: Rongai, Kiserian, kuvuka bega la milima ya Ngong, halafu kuteremka Bonde la Ufa. Njia zote mbili zinaanzia jiji moja na zote zina lami. Ukizitazama kwenye ramani unaweza kudhani ni suala la kupenda kijani au kupenda nyika tu.

Tofauti kubwa ni mahali mlima unapokaa katika safari. Limuru unapanda kwanza, ukarudi kwa mteremko. Magadi unateremka kwanza, na mlima unakungoja mwisho, jua likiwa utosini. Msimamo wangu nautoa mapema: kikundi chenye watu wa viwango tofauti, hasa chenye wageni, kiende Limuru. Barabara ya Magadi naipenda zaidi, lakini ina masharti, na masharti hayo hutimizwa kabla mtu hajafunga kofia yake.

Mlima wa asubuhi na mlima wa mchana

Limuru iko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na kutoka katikati ya Nairobi ni kama kilomita 30. Katika mwendo huo mnapanda mita 500 na zaidi. Mpando wenyewe si wa mfululizo. Barabara inapanda mgongo wa kilima, inashuka kidogo kuvuka kijito, inapanda tena, na kila ukidhani umefika unaona mgongo mwingine mbele. Ni mpando mrefu kuliko ulivyo mkali. Mwenye gea nyepesi na subira atafika. Atachelewa, lakini akifika kazi kubwa imekwisha. Na akishindwa pale Banana anageuza baiskeli na kuteremka kwao, bila kumsumbua mtu na bila aibu yoyote.

Mgeni kutoka Mombasa au Dar es Salaam aambiwe jambo moja mapema: kwa urefu huo hewa ina mgandamizo pungufu kwa karibu robo ukilinganisha na pwani. Atahema kuliko alivyozoea hata kama miguu yake ni ya chuma. Aanze polepole, asifukuzane na watu wa Kikuyu na Limuru waliozaliwa kwenye vilima hivi. Huku ndiko kocha wa baiskeli David Kinjah alikolea vijana wengi katika mchezo huu, mmoja wao akiwa Chris Froome, mzaliwa wa Nairobi aliyekuja kushinda Tour de France mara nne kati ya 2013 na 2017. Vilima hivi vimejenga miguu ya watu wengi.

Barabara ya Magadi inakukopesha. Baada ya kuipita Kiserian unapanda hadi Corner Baridi, mahali panapokaribia mita 2,000, na hapo bonde lote linafunguka mbele yako kwa ghafla. Kisha unashuka. Unashuka Olepolos, unashuka Kisames, unashuka Oltepesi, na kufika Olorgesailie, karibu kilomita 40 kutoka Kiserian, uko kwenye mita 1,000 hivi. Ukiendelea hadi Ziwa Magadi lenyewe unafika karibu mita 600. Miguu haijachoka, kila mtu anacheka, wastani wa mwendo unapendeza kwenye saa. Lakini kila mita uliyoshuka ni deni, na linalipwa mchana.

Hesabu yake si ngumu. Mtu wa kilo 75 kwenye baiskeli ya kilo 10 akipanda mita 1,000 hutumia karibu kilokalori 800 kwa kushindana na mvutano wa dunia peke yake, kabla ya kuhesabu upepo na msuguano wa tairi. Mpando wa Limuru unadai kama nusu ya hizo, na unazidai saa moja asubuhi ukiwa umetoka kunywa uji. Kule bondeni unadaiwa saa sita, ukiwa umeshamaliza maji ya kwanza na ya pili, na joto limepita nyuzi 30.

Kwa hiyo mwenye kupanga msafara asiulize wenzake kama wanaweza kufika Olorgesailie. Kila mwenye breki nzuri anaweza kufika Olorgesailie. Aulize nani anaweza kutoka huko kwa miguu yake.

Nani anamvuta nani

Hili wengi hawalifikirii, na kwangu ndilo linaloamua kama siku itakuwa ya kikundi au ya watu mmoja mmoja waliovaa jezi za kufanana.

Kumfuata mwenzako kwa karibu kunakukinga na upepo, na katika mwendo wa kasi kwenye tambarare unaweza kuokoa karibu robo ya nguvu zako, wakati mwingine zaidi. Lakini kinga hiyo inategemea kasi. Mkipanda kwa kilomita 12 kwa saa, upepo mnaoutengeneza wenyewe ni mdogo, na kukaa nyuma ya mtu hakukusaidii kitu cha maana. Kila mmoja anapanda na uzito wake. Ndiyo maana njia ya Limuru hulitawanya kundi. Mpaka mfike Tigoni wa kwanza wameshavaa jaketi na wanatetemeka kwa kungoja, na wa mwisho bado wako Banana.

Dawa yake ni vituo vya kungojana vilivyotajwa kabla ya kuondoka: Ruaka baada ya msongamano, Banana, kisha Tigoni. Watu wote wafike, wote wanywe maji, na anayefika wa mwisho apewe dakika zake za kupumua kabla wengine hawajaruka kwenye baiskeli. Nimeona vikundi vinavyomngoja mtu na kuondoka mara tu anapotokea. Hiyo si kumngoja. Waliofika mapema wamepumzika dakika kumi, yeye hakupata hata moja, na hapo ndipo mgeni anapoamua kimya kimya kwamba Jumamosi ijayo atalala.

Kwenye barabara ya Magadi mambo yanageuka. Upepo katika nchi yetu huvuma zaidi kutoka mashariki, na si bure kwamba mitambo ya umeme wa upepo ilisimamishwa juu ya Ngong tangu 1993. Wakati wa kwenda upepo unawasukuma mgongoni. Wakati wa kurudi, mkielekea kaskazini-mashariki, mnaula usoni. Hapo kundi lina thamani halisi: sehemu za tambarare kati ya Oltepesi na Kisames mtu peke yake anateseka, lakini wanane wanaopokezana nafasi ya mbele, kila mmoja dakika moja au mbili kisha anajiweka pembeni na kurudi nyuma, wanapita vizuri. Aliyechoka anakaa nyuma na anabebwa na wenzake. Nafikiri hakuna mahali pengine karibu na Nairobi ambapo unajifunza kuendesha kwa safu kama pale. Ila ujuzi huo lazima muwe nao tayari: kushika mstari, kutofunga breki ghafla, kuonyesha shimo kwa mkono, kupaza sauti gari linapokuja nyuma. Mtu anayejifunza kushika usukani kwa mkono mmoja asijifunzie kwenye mteremko wa Corner Baridi.

Magari, matuta na ng'ombe

Hakuna kati ya njia hizi iliyo tulivu mwanzoni. Limuru Road hadi Ruaka ina matatu zinazosimama popote abiria anapoinua mkono, na Rongai ina sifa yake ya vurugu za barabarani ambayo kila mkazi wa Nairobi anaijua. Kuondoka saa kumi na mbili na nusu, mwanga ukiwa wa kutosha, kunapunguza shida hiyo kwa nusu. Kuondoka saa mbili kunairudisha yote.

Kwa upande wa Magadi kuna njia rahisi zaidi: pakieni baiskeli kwenye magari na muanzie Kiserian. Wapo watakaosema huo si uendeshaji kamili. Mimi nasema kilomita 25 za kupumua moshi wa matatu hazimwongezei mtu chochote.

Ukishapita Ruaka, njia ya Limuru ni nyembamba, na sehemu nyingi haina bega la kukimbilia. Endesheni safu moja, makundi ya watu sita au saba, mkiacha nafasi kati ya kundi na kundi ili gari lipite na kuingia. Yapo matuta yasiyopakwa rangi. Wapo pia watu wanaofanya kazi na baiskeli zao barabara hiyo hiyo, mzee kwenye baiskeli nzito ya Black Mamba yenye gea moja akiwa na mtungi wa maziwa kila upande, kijana aliyebeba nyasi za ng'ombe hadi huoni kichwa chake. Hao wapewe njia na wasalimiwe. Wanapanda mlima ule ule na mzigo juu, kila siku, bila jezi.

Barabara ya Magadi baada ya Corner Baridi ina magari machache, lakini machache hayo yanakwenda kasi, na yapo malori. Hatari kubwa zaidi ni mifugo. Mteremko unaruhusu kilomita 60 kwa saa bila kukanyaga pedali, na nyuma ya kona kunaweza kuwa na ng'ombe mia moja wakivuka pamoja na mtoto anayewachunga. Ng'ombe wana haki ya kwanza pale. Punguza mwendo, pita taratibu nyuma yao na si mbele, msalimie mchungaji. "Sopa", salamu ya Kimaasai, itajibiwa "Epa" kwa tabasamu, na siku utakayopata pancha pale pale utaelewa faida ya kusalimia watu.

Kuhusu pancha: miiba ya migunga. Kwenye njia ya chai unaweza kumaliza mwaka bila kuguswa. Bondeni, ukitoka tu nje ya lami kwenda haja au kutafuta kivuli, umeiokota. Beba baiskeli begani ukiiacha barabara, usiisukume. Kila mtu awe na tyubu mbili, pampu yake mwenyewe, na wenzo wa kutolea tairi. Weka pia dawa ya kuziba pancha ndani ya tairi kama unayo. Limuru ukiharibikiwa fundi hakosekani, kila kituo kina mtu mwenye spana, beseni la maji na gundi. Baada ya Kisames fundi ni wewe, na mtandao wa simu unakuja na kupotea.

Maji, chakula, hali ya hewa

Limuru hutashinda na njaa. Sokoni kuna chai ya maziwa, mandazi, chapati, nduma (magimbi) na ngwaci (viazi vitamu) vilivyochemshwa, na kando ya barabara utawakuta kina cucu, yaani kina bibi, wakiuza pasheni na matunda ya msimu. Ngwaci mbili na kikombe cha chai yenye sukari zinakufikisha Nairobi kuliko vipakiti vingi vya madukani. Chupa mbili za maji zinatosha.

Tatizo la Limuru ni baridi na ukungu. Kuanzia Juni hadi Agosti unaweza kuondoka Westlands kukiwa na mawingu ya kawaida na ukafika Tigoni huoni mita 50. Taa ya mbele na ya nyuma ni lazima, na jaketi ya upepo iwe mfukoni, kwa sababu mnapanda mkitoka jasho kisha mnashuka nalo likiwa limelowa mwilini. Breki za ukingo wa gurudumu hushika kwa kuchelewa zikiwa na unyevu. Msimu wa mvua za masika njia za udongo mwekundu zinazokatiza mashambani hugeuka utelezi mtupu, na udongo unajaa kati ya tairi na fremu hadi gurudumu linagoma. Wakati huo kaeni kwenye lami.

Magadi ni kinyume chake. Milima ya Ngong inazuia mvua, upande wa pili ni mkavu, na siku ambayo Limuru imefungwa na ukungu wa Julai bondeni kunaweza kuwa na anga safi kabisa. Huo ndio msimu wake. Januari na Februari usiwapeleke watu huko wakarudi mchana. Maji yawe lita tatu kwa kila mtu kuanzia Kiserian, pamoja na chumvi kidogo na sukari, na msipite duka lolote lenye maji baridi bila kuongeza. Olepolos kuna nyama choma inayojulikana mji mzima, na kwa kikundi kinachotaka kuonja bonde bila kuingia kwenye deni kubwa, kugeukia pale ni uamuzi wa busara: mmeona mandhari, mmeteremka kidogo, na mpando wa kurudi Corner Baridi ni mfupi.

Unaona nini

Kwa macho, Limuru ni chai. Chai ya kwanza Kenya ilipandwa huku Limuru mwaka 1903, na mashamba bado yamekata vilima kwa mistari iliyonyooka, wachumaji wakiwa ndani hadi kiunoni, vikapu mgongoni. Kutoka Tigoni kuna njia ndogo nyingi za kuzunguka mashamba hayo kabla ya kurudi kwa Red Hill, na hiyo ndiyo sehemu ninayoipendelea: kivuli cha mikaratusi, harufu ya majani mabichi, mteremko wa polepole.

Bondeni ni kitu kingine kabisa. Olorgesailie kuna uwanja wa mashoka ya mawe yaliyotengenezwa na binadamu wa kale mamia ya maelfu ya miaka iliyopita, mengi yakiachwa pale pale yalipolala. Louis na Mary Leakey walianza kuyachimbua miaka ya 1940. Kufika mahali hapo kwa baiskeli, ukiwa umeikata kuta za bonde kwa mwili wako mwenyewe, kunakupa kipimo cha nchi ambacho dirisha la gari halitoi. Na ukifika Magadi, ziwa lina rangi ya waridi na nyeupe, na heroe (flamingo) wamesimama ndani yake. Sijui njia nyingine ya baiskeli karibu na mji mkuu wetu inayokupitisha mandhari za namna hiyo katika asubuhi moja.

Njia ya tatu, na moja ya kuacha

Kama zaidi ya nusu ya kundi lenu ndiyo kwanza wamenunua baiskeli, msichague kati ya hizi mbili. Nendeni Karura. Ni msitu wa zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, ule ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania usigawanywe viwanja, na baiskeli zinaruhusiwa kwenye njia zilizowekwa alama. Hakuna gari. Watoto wanaweza kuja, na asiye na baiskeli anaweza kukodi. Jumamosi mbili tatu pale mtu ajifunze kubadilisha gea kabla ya mpando na si katikati yake, kisha Limuru itamkaribisha.

Mara kwa mara hujitokeza anayependekeza kushuka Mai Mahiu kwa barabara ya chini ya mteremko, ile inayopita kanisa dogo lililojengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano mwaka 1942. Mandhari hayana mfano. Lakini malori ya kwenda bara yanashuka hapo yakiwa yamejaa, bega la barabara halitoshi, na upande mmoja ni ukuta na wa pili ni shimo. Kikundi kisipite hapo. Anayetaka kuliona kanisa aende kwa gari.

Basi uchague vipi

Mtazame anayefika wa mwisho katika kikundi chenu, siyo anayefika wa kwanza. Kama yeye anaweza kuendesha kilomita 80 na bado akapanda, amezoea kukaa kwenye safu, na anaweza kubadilisha tyubu peke yake, nendeni Magadi Road, mgeukie Olorgesailie kabla ya saa nne na nusu asubuhi. Kama moja kati ya hayo halipo, nendeni Limuru.

Kama kundi limegawanyika kabisa, ipo namna ya kuwaridhisha wote bila kumuumiza mtu. Barabara ya Magadi iendwe upande mmoja tu. Wote wanashuka, na gari la kubebea baiskeli linafuata nyuma ya aliye wa mwisho likiwa na maji, kisanduku cha huduma ya kwanza na tyubu za akiba. Mnakula Olorgesailie kwa chakula mlichobeba, mnatembelea mashoka ya mawe, kisha wanaotaka kupanda wanapanda na wengine wanarudi na gari. Gharama ya lori dogo ikigawanywa kwa watu kumi na tano haimlemei mtu.

Bora zaidi ya hapo ni kulala. Makumbusho ya Taifa yana vibanda na uwanja wa mahema pale Olorgesailie. Mnashuka Jumamosi mchana bila haraka, mnalala, na Jumapili saa kumi na moja alfajiri, kukiwa bado na ubaridi na upepo haujaamka, mnaanza kupanda na taa zenu. Saa nne mko Kiserian. Kwa mpango huo hata mtu wa kawaida, asiye mwanamichezo, analipa mita zote 1,000 kwa miguu yake, na ndio mpango pekee ambao ningempa mgeni anayesisitiza Magadi. Bebeni maji ya kunywa ya siku mbili, kwa sababu ya pale ni haba, na pigeni simu mapema kuhakikisha nafasi.